Kungwi lazima awe alichezwa: jinsi ya kuanza safari ya utabibu wa nafsi kwa njia ya Jung ukiwa Mtwara

Kila baada ya wiki mbili tatu napokea meseji ile ile. Sista shikamoo, nasikia hapo Mtwara mnasoma saikolojia ya Jung, chuo kipo wapi, ada sh ngapi, kozi miezi mingapi, cheti kinatambulika? Nimejibu mmoja mmoja hadi vidole vimechoka, leo naandika mara moja na kwa kirefu, mwenye haraka aruke aya asizozitaka ila ile ya kuhusu wagonjwa wa kupeleka hospitali asiiruke.

Jibu fupi: chuo hakuna, sio Mtwara sio Lindi. Na hata kingekuwepo, kazi hii haifundishwi kama kompyuta ya miezi mitatu. Sisi tuliokulia huku kusini tuelezane kwa lugha ya nyumbani. Kungwi anayemcheza mwali, yeye mwenyewe alichezwa. Hakuna mwanamke anayeibuka tu akasema mimi nimesoma habari za unyago kitabuni, nileteeni mwali, watamcheka hadi afike kwao. (Ya ndani ya unyago siyasemi hapa, msiniulize.) Basi na huku ni hivyo hivyo, kabla hujakaa kwenye kiti cha kusikiliza ndoto za mtu unakaa kwanza kwenye kiti cha kusimulia za kwako, tena kwa miaka, mbele ya mtu ambaye naye alishapita huko. Vitabu vipo, mitihani ipo, lakini uti wa mgongo ndo huo.

Na sio kwamba nimetunga. Carl Gustav Jung, daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi aliyezaliwa 1875 akafariki 1961, alishikilia mapema sana kwamba anayechambua wenzake naye achambuliwe, na Freud mwenyewe, mwanzilishi wa uchambuzi wa nafsi, mwaka 1912 aliandika kuwapa sifa watu wa Zurich, yaani kundi la Jung, kwa sharti hilo. Mwaka uliofuata wawili hao wakakorofishana moja kwa moja, urafiki ukafa, ila sharti likabaki pande zote mbili hadi leo.

Una kazi gani sasa hivi?

Hili ndo swali la kwanza mimi nakuuliza kabla hujaniuliza ada. Mafunzo haya yanakaa juu ya kazi nyingine, hayakai hewani. Kama wewe ni nesi, daktari, mtu wa ustawi wa jamii, una digrii ya saikolojia au unasihi, na tayari unakaa na watu wenye shida zao, vizuri, una mahali pa kusimama. Kama huna, anza na hilo. Kwa saikolojia ya tiba yenyewe MUHAS, chuo kikuu cha afya pale Dar, wana shahada ya uzamili, na najua Dar kutoka huku ni zaidi ya kilomita mia tano za basi na kodi ya chumba juu yake, sikufichi. Mimi nilikuwa nesi miaka tisa kabla sijajua Jung ni nani.

Mtu wa duka, mwalimu, fundi, padri au shehe akija kwenye kikundi chetu cha kusoma tunampokea kwa mikono miwili na mara nyingi ndo wenye maswali makali kuliko sisi wa hospitali. Ila kusoma ni kusoma na kutibu ni kutibu, hapo hatuchanganyi.

Anzisha kikundi, na usianze msimu wa korosho

Hili ndo la kufanya kesho asubuhi. Tafuta watu wanne au watano, wasizidi nane. Wakizidi nane hakuna atakayesimulia ndoto ya kweli, watasimulia za heshima. Sisi tulianza watano: mimi, nesi mwenzangu wa Masasi, mwalimu wa sekondari, kijana wa ustawi wa jamii kutoka Newala, na mama mmoja mstaafu wa mahakama ambaye hadi leo ndo tunayemuogopa. Tulikuwa tunakutana Shangani barazani kwa huyo mama, Alhamisi jioni, kahawa na kashata, kila mtu na daftari lake.

Kosa tulilofanya ni kuanza mwezi wa kumi. Mtu wa huku anajua, ukifika mwezi wa kumi akili za watu zote zipo kwenye mnada, hata ambaye hana shamba ana mjomba mwenye shamba. Kikao cha tatu tulibaki wawili. Anza mwezi wa pili au wa tatu, mvua zinawaweka watu ndani.

Sheria zetu ni chache na tuliziandika kwenye karatasi: kinachosemwa barazani kinabaki barazani, hata mume hasimuliwi. Ndoto ya mtu haitafsiriwi na mwingine hadi mwenyewe amalize kusema yanayomjia kichwani kuhusu kila kitu kilichomo. Hakuna kuleta kesi ya mteja kwa jina wala kwa mtaa, maana Mtwara hii ukisema tu "mwalimu fulani wa Chikongola mwenye mapacha" watu wote wameshamjua. Na anayechelewa ananunua kashata.

Msianze na vitabu vizito. Maandishi ya Jung yaliyokusanywa ni juzuu 20 na ukianzia juzuu isiyo yako utadhani umelogwa. Anzeni na kitu cha kufanya kwa mikono. Kipo kimoja kizuri sana.

Jung alipoingia kazini hospitali ya Burghölzli kule Zurich mwishoni mwa 1900, alikuwa kijana, na moja ya kazi zilizompa jina ni jaribio la maneno. Unaandaa orodha ya maneno, yeye alitumia 100, unamtajia mtu neno moja moja na yeye anajibu haraka neno la kwanza linalomjia. Unashika saa na kuandika kachukua sekunde ngapi. Mkimaliza mnarudia orodha yote mwanzo na unamuomba akumbuke alijibu nini. Pale alipochelewa, aliporudia neno lako badala ya kujibu, alipocheka bila sababu, aliposahau jibu lake raundi ya pili, hapo chini pana kitu kimelala. Hicho kitu ndo Jung alikiita kompleksi, yaani fundo la hisia ambalo lina nguvu zake lenyewe na linamkatiza mtu bila yeye kutaka.

Usitafsiri orodha ya Wazungu. Tulijaribu, tukaweka "theluji", watu wakacheka tu. Tungeni ya kwenu. Yetu ilikuwa na maneno 50: mama, bahari, deni, ndoo, mkole, sare, kengele, mchawi, pantoni, stakabadhi, kaburi, mpunga na kadhalika, changanya ya moto na ya baridi. Tukamkalisha yule kijana wa Newala, anajibu vizuri, bahari samaki, kengele shule, kaburi babu, kaburi lenyewe hakushtuka hata. Nikataja "korosho". Kimya. Naangalia simu, sekunde sita, saba. Kisha akasema "baba" kwa sauti ya chini halafu akaomba maji. Raundi ya pili nikamuuliza ulisema nini kwenye korosho akaniambia alisema "bonde" na akaapa kabisa. Baadae sana, labda mwezi umepita, ndo alitueleza kuhusu msimu mmoja malipo yalichelewa, yeye yupo chuo ada haijalipwa, baba kila siku anaenda kukaa chini ya mwembe wa ghala kusubiri, na yeye alimpigia simu akamsemea maneno ambayo hakuwahi kuyafuta. Neno moja tu, tena neno ambalo huku tunalitaja mara mia kwa siku. Ningewasomesha kompleksi kwa ubao na chaki wiki nzima wasingeelewa kama walivyoelewa zile sekunde saba.

Onyo hapo: ukishaona neno limegonga, usichimbe. Ni zoezi la kujifunza, sio mahakama. Yule kijana tulimpa maji yake tukaendelea na neno linalofuata.

Maneno ya Kiswahili mtayatunga wenyewe, na msiogope

Hii sehemu naipenda kuliko zote kwa hiyo mnivumilie.

Ukifungua kamusi kutafuta Kiswahili cha ile sehemu ya nafsi ambayo mtu haijui utakutana na "kutokuwa na fahamu", na kwa mtu wa kawaida huyo ni mgonjwa kaanguka amemwagiwa maji. Sisi tulikaa nalo wiki tatu, mwisho tukakubaliana tuseme "kina cha nafsi", kama kina cha bahari, kwa sababu watu wa Mikindani na Msanga Mkuu hawahitaji kuelezwa kwamba chini ya maji unayoyaona kuna maji usiyoyaona.

Kivuli ni rahisi, Jung mwenyewe alitumia neno hilo hilo kwa lugha yake, yale ya kwako usiyotaka kuyaona ukayatupia wenzio. Ila angalia Kiswahili kimetuongezea kitu, kwetu kivuli sio kibaya, jua la saa saba la Mtwara kila mtu anatafuta kivuli. Yule mama mstaafu ndo alisema, basi labda huko kwenye kivuli chako kuna mapumziko pia. Nimesoma vitabu vingi juu ya kivuli na bado narudi kwenye sentensi ya yule mama.

Halafu ile sura tunayoivaa mbele za watu, Jung aliiita persona, neno la Kilatini la kinyago cha waigizaji wa zamani. Sasa huku nani asiyejua vinyago? Wamakonde wana mapiko, mchezaji kafunikwa nguo mwili mzima na kinyago kichwani, wanawake na watoto wanaambiwa huyo sio mtu ametoka kuzimu, na kijana akiingia jando ndo anafunuliwa kwamba chini yake kuna mtu, pengine ni mjomba wake kabisa. Fikiria hiyo saa ya kufunuliwa. Persona ndo hiyo, na shida haipo kwenye kuvaa, shida ni mchezaji aliyesahau kuvua akaenda nayo kulala. Manesi tunaelewana hapa, ile sare.

Ile hadithi ya Wamakonde ya mtu wa kwanza nayo ilitufaa sana. Alikuwa porini peke yake, haogi hachani nywele, akachonga mti kwa mfano wa mtu akausimamisha, kulipokucha kile kinyago kimekuwa mwanamke hai, wakaenda kuoga mtoni, watoto wa kwanza waliozaliwa huko chini hawakuishi hadi walipopanda juu uwandani, ndo maana wenyewe wanakaa juu. Jung anasema mwanaume ana sura ya mwanamke ndani yake ambayo inamfungulia mlango wa nafsi yake, na hapa unaye mtu ambaye hajawa mtu kamili hadi achonge kwa mkono wake kile kilichomo ndani na kiamke kimtazame. Kazi hii ya kuchukua ndoto ya mtu na kuiweka jirani na hadithi za zamani zinazofanana nayo ina nafasi kubwa kwenye njia ya Jung, ila sharti lake ni kwamba hadithi inakuja kuipanua ndoto, haiji kuifunika. Na waulizeni wazee kwanza, wengine wana namna nyingine ya kuisimulia na ndo wenyewe.

Kwa ndugu zangu wa Lindi na nyie mna yenu. Mwaka 1909 Wajerumani walianza kuchimba Tendaguru wakafukua yale mafupa ya mjusi mkubwa ambaye sasa amesimama jumba la makumbusho Berlin. Mwaka huo huo wa 1909 Jung akiwa safarini na Freud kwenda Marekani aliota yupo kwenye nyumba, ghorofa ya juu ina samani za karne ya 18, anashuka chini kuna ya zamani zaidi, anashuka tena kuna chumba cha enzi za Warumi, na chini kabisa pango lenye mifupa na mafuvu. Kutoka hapo akaanza kuwaza kwamba nafsi ya mtu ina tabaka la chini ambalo sio lake peke yake, ni la watu wote. Nikifundisha hiyo Lindi sihitaji picha, nawaambia tu fikirini Tendaguru, shamba la mihogo juu, mifupa chini, mwenye shamba alikuwa analima tu hajui amekalia nini.

Kutafuta wa kukuchambua wewe

Hapa ndo wengi wanakwama, kwa hiyo twende polepole.

Chama cha dunia cha watu wa saikolojia ya uchambuzi kinaitwa IAAP, kiliundwa 1955 na makao yake ni Zurich. Kwenye nchi zenye chama kinachofundisha unaingia kwenye chama hicho. Barani kwetu Cape Town wapo siku nyingi, chama chao kinaitwa SAAJA, na mwaka 2007 kongamano la dunia lilifanyika huko huko Cape Town, mara ya kwanza kufika Afrika. Kwenye nchi ambazo hazina chama kuna njia nyingine: mnajiunga kama kikundi kinachokua, chama cha dunia kinawapa mtu wa kiungo, analisti (yaani mchambuzi aliyehitimu) mzoefu anayewafuatilia, na wengine wanakuja kufundisha au wanafundisha kwa mtandao. Ndani ya kikundi mtu mmoja mmoja anaweza kuomba njia ya kufika uanachama, anachambuliwa, anasimamiwa kesi zake, anafanya mtihani wa kati na wa mwisho. Wakishafaulu wa kutosha ndo wanaunda chama chao, na baadae chama kikikomaa ndo kinaruhusiwa kufundisha wengine. Ni ngazi, hurukii.

Sasa masaa. Kima cha chini cha uchambuzi wako mwenyewe ni 240. Piga hesabu na mimi: ukipata saa moja kwa wiki, toa likizo, misiba, mvua iliyokata net, unabaki na vikao kama 40 kwa mwaka. Hiyo ni miaka sita. Ndo maana nacheka nikiulizwa kozi miezi mingapi.

Ukiandika barua ya kuomba usijaze sifa. Sema wewe nani, unafanya kazi gani na watu gani, mnasoma nini na wangapi, na kwa nini wewe mwenyewe unataka kuchambuliwa. Hiyo ya mwisho ndo inasomwa mara mbili. Na uliza ada ya kupunguziwa bila aibu, wapo analisti wanaotenga nafasi za bei ya chini kwa watu wa nchi kama zetu. Usipouliza utalipishwa ya Ulaya.

Mambo madogo ambayo hakuna aliyenielekeza: nyumba ya bati na ukuta mmoja na jirani haifai, atakusikia ukilia na kesho atakuletea uji. Mimi nilifanya miezi minane ndani ya gari ya shemeji, vioo juu, joto la Mtwara, jasho linatiririka, mchambuzi wangu akadhani nina homa. Nunua bando la siku ile ile usitegemee la mwezi. Umeme ukikatika kubalianeni mapema kama kikao kinaendelea kwa sauti tu au kinafidiwa.

Na lugha. Uchambuzi wangu ni wa Kiingereza na ndoto zangu zinakuja kwa Kiswahili, na bibi yangu ndani ya ndoto anaongea Kimakonde. Mwanzo nilikuwa natafsiri kila kitu kabla ya kikao, jini nikalitafutia neno la Kiingereza ambalo kumbe kwa mchambuzi wangu ni mzimu wa maiti kwenye jumba bovu, tukapotea vikao viwili vizima. Siku hizi naisoma ndoto kwanza kwa Kiswahili kama ilivyo, yeye anasikiliza sauti tu, kisha ndo naeleza neno kwa neno. Mara nyingine anasema, hapo sauti yako ilibadilika, na neno lenyewe halijui.

Kusimamiwa, na kosa langu la nyoka

Supavisheni ni kumpelekea mtu mzoefu kesi yako mwenyewe akakuonyesha usichokiona. Unaandika kikao mara tu mteja akitoka, alisema nini, ulisema nini, na mwili wako ulihisi nini. Watu wanaacha hiyo ya tatu. Msimamizi wangu ndo anaanza nayo.

Nitawapa kosa langu. Alikuja mama wa miaka hamsini na kitu, nimemuamkia, kakaa, ana tatizo la kukosa usingizi, akanisimulia ameota nyoka mweupe kajikunja ndani ya mtungi wa maji pale uani. Mimi nilikuwa nimetoka kusoma sura nzima ya nyoka wiki ile. Jamani nilimfungukia! Nyoka wa dawa, nyoka wa kujivua gamba, nyoka wa mabadiliko, nimeongea robo saa. Akaniangalia, akasema "Haya sista, ahsante mwanangu", akajifunga kanga yake vizuri, hakurudi tena. Msimamizi aliniuliza kitu kimoja: mtungi ulikuwa wa nani? Sikujua. Sikumuuliza. Pengine ulikuwa wa marehemu mama yake, pengine ulikuwa umevunjika zamani, sitajua kamwe. Kwa hiyo kama unataka kanuni ya kuanzia nayo, uliza mtungi kabla ya nyoka.

Lingine la huku kwetu, mtu akikaa nawe wiki kadhaa atakuita mama, dada, shangazi hata kama umri haufanani, na utafurahi. Kuitana kindugu ni adabu yetu na mimi siikatai, sitajigeuza Mzungu. Ila jiulize hilo jina limekuja lini na baada ya nini. Aliyeanza kukuita shangazi siku ile ile uliyomkatalia kubadilisha saa, hapo kuna shangazi halisi mahali. Na mtoto wa dada yako, mpangaji wako, bosi wako, usiwachukue. Mji mdogo huu, utakutana naye sokoni, kubalianeni mapema kama mtasalimiana au mtapitana.

Ambao sio wako

Mtu anasikia sauti zinamuamrisha, halali siku nne na anaongea bila breki, anasema atajiua na ameshapanga namna, mama aliyejifungua majuzi anamuogopa mtoto wake: hawa hawahitaji Jung, wanahitaji hospitali leo. Mtwara mjini ni Ligula, mpeleke wewe mwenyewe usimuandikie karatasi tu, kaa naye foleni. Ukiwa upande wa Masasi kuna Ndanda, kwa Lindi vijijini kuna Nyangao, wataanza naye na kukuelekeza. Kifafa pia, huku bado kinaitwa majini na watu wanaungua kwenye majiko wakati dawa zake zipo. Jung alikuwa daktari wa wodi kwanza, tusijifanye watakatifu kuliko yeye.

Kuhusu waganga na kupunga majini, ushauri wangu ni usigombane nao na usijifanye mmoja wao. Mteja wako ameshapita huko kabla yako, muulize aliambiwa nini, usicheke. Afrika Kusini alikuwepo daktari Vera Bührmann, mchambuzi wa njia hii, alikaa na waganga wa Kixhosa kujifunza wanavyofanya kazi na ndoto, alikwenda kama mwanafunzi. Na Jung mwenyewe mwishoni mwa 1925 alishukia Mombasa akapanda hadi mlima Elgon, akawa anakaa na wazee kwenye vikao ambavyo aliviita kwa neno letu, shauri. Walimfundisha kwamba kuna ndoto ndogo za kila mtu na kuna ndoto kubwa ambazo ni za jamii nzima. Mganga mmoja mzee akamwambia kwa uchungu kwamba tangu Waingereza waje hawaoti tena, maana bwana mkubwa wa wilaya ndo anajua kila kitu. Bibi yangu hakusoma lakini alikuwa anatenga hivyo hivyo, ukimsimulia upuuzi anakwambia jana umeshiba ugali, ukimsimulia nyingine ananyamaza na kuita wenzake.

Kikundi kikikua

Mkishakaa pamoja mwaka mzima bila kugombana, andikeni katiba fupi, chagueni mweka hazina kabla ya mwenyekiti, na kamati ya maadili kabla ya vyote viwili. Kujisajili kama jumuiya ni kupitia Wizara ya Mambo ya Ndani, andaeni mihutasari na orodha ya wanachama, hakuna cha ajabu. Msichapishe vyeti. Nasema tena msichapishe vyeti, najua uchu upo, nimeona vikundi vya kila aina vinakufa siku ya kupiga picha na vyeti. Na asiyemaliza asijiite analisti, ajiite jina la kazi yake, mimi hadi leo kwenye mlango wangu pameandikwa nesi mshauri.

Kama unaanza wiki hii: nunua daftari la mia moja na kalamu, weka chini ya mto, na ukiamka andika kabla hujashika simu na kabla hujaenda msalani, maana ndoto inatokea mlango huo huo. Andika kwa lugha iliyokuja nayo, Kimwera, Kiyao, Kimakua, chochote. Usiandike maana yake. Zikifika kumi na mbili ndo utafute wenzio, na ukiwa Mtwara sisi tunarudi barazani Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa pili, korosho zikiwa zimeisha, saa kumi na moja kamili, na kashata za mchelewaji wa mwaka jana bado tunamdai.